Njia ya Hamali

Jumatatu, 3 Novemba

Kokoto tangu asubuhi. Karai begani, panda, mwaga, shuka. Jua la Garissa linaingia mpaka kwenye meno. Simiti imenila tena katikati ya vidole. Nimepaka mafuta ya kupikia, sina mengine.

Kuta za chini za jengo hili la mtaa wa Iftin zimesimama. Fundi Mutua anasema slabu, sakafu ya ghorofa, tutaimwaga mwezi huu huu, tajiri akileta vyuma. Mutua ni Mkamba wa Mwingi. Mdomo wake haufungiki, lakini kazi anaijua.

Nabeba na Yusuf. Kila mtu hapa ana mwenzake, na wangu ni yeye tangu mwaka jana. Kijana wa Kisomali, mrefu, mkavu, nguvu zake sijui anaziweka wapi. Amezaliwa kambini Dadaab na karatasi zake ni za kambini. Kuwa hapa mjini ni makosa. Sote tunajua, hakuna anayesema.

Mama yake bado yuko kule. Moyo umechoka, miguu imevimba mpaka magotini. Daktari wa kambi aliandika kwamba aletwe hospitali huku Garissa. Ruhusa ya kutoka ndiyo haipatikani. Dada yake Yusuf huenda kuiulizia kila wiki. Leo ameenda. Ameambiwa arudi wiki ijayo.

Yusuf alinieleza hayo huku anachanganya mchanga. Hakuacha kuchanganya.

Kesho mchezo wetu wa televisheni unaisha. Mama Halima wa chai amesema anayetaka kuona aje na kigoda chake.

Jumanne, 4 Novemba

Umeisha. Binti Asiyelala umeisha.

Jioni zote hizi tumeufuata pale kibandani kwa Mama Halima, chai mkononi, televisheni juu ya friji ya soda. Tajiri wa ng'ambo alifiwa na binti yake, akatengenezewa mwingine wa mtambo, akili ya kompyuta, sura ile ile. Jina lake Nura. Hali chakula, halali usingizi, anajua kila kitu, ila hajui kwa nini mama wa nyumba akimwona analia. Leo amejizima mwenyewe, ili ile familia ikubali kumzika mtoto wao. Basi. Muziki, majina, tangazo la sabuni.

Mutua alilia. Alisema ni simiti. Mama Halima alizima televisheni kwa kidole, kwa nguvu, kama anayemfinya mtu.

Mtu mzima mimi, nina watoto, nimehuzunikia mashine. Aibu. Lakini nimehuzunika.

Na kinachonikera si Nura. Ni Hamali. Hamali alikuwa mashine ya ghala la yule tajiri. Hana uso. Ana mikono miwili na taa kifuani, kazi yake magunia. Nura alimfundisha kusema kwa siri, na maneno yake yalikuwa mawili tu: "Niweke wapi?" Mara ya mwisho tulimwona anatoka mlango wa ghala, gunia begani, nje mvua. Hakuonekana tena. Sehemu zote zilizofuata ilikuwa Nura, Nura. Hamali hakuna aliyemuulizia.

Tulipokuwa tunarudi chumbani kwetu Yusuf, ambaye huniita walaal, yaani ndugu, alisema, "Wamemsahau, walaal. Wametengeneza mtu mzima halafu wamemsahau mlangoni."

Alhamisi, 6 Novemba

Hasira ya Hamali imegeuka kazi. Chai ya saa nne Mutua alisema kama wale wenye mchezo hawataki, basi sisi tumtengenezee Hamali mchezo wake. Tukaanza.

Mutua anataka apate mke. "Hata posho mill inayosaga unga hapo kona, mradi ni ya kike." Mama Halima anataka kwanza kujua kama ana roho. Kama hana, basi hana swala, na kama hana swala anaweza kumfanyia kazi Ijumaa mchana. Mimi nilisema apumzike. Akae chini ya kivuli, sehemu nzima, bila mtu kumwita. Wakanicheka. "Barasa, huo si mchezo," Mutua akasema, "hiyo ni kalenda ya ukutani."

Ndipo Yusuf akaweka karai chini. Akasema Hamali alitoka na gunia na hakuna aliyemwambia aliweke wapi. Kwa hiyo hawezi kulishusha. Anatembea mpaka atakapoambiwa. Hana karatasi, kwa sababu yeye ni kitu, na kitu hakipewi karatasi, kinaandikwa kwenye karatasi ya mwingine. Ametembea mwezi, miezi, sasa ameingia Elwak, huko mpakani.

Ilikuwa nzuri.

Mama Halima akainua mkono. Wasomali mgeni akifika hawamuulizi jina kwanza. Wanamwambia warran, toa habari. Umetoka wapi, umepitia wapi, mvua umeikuta wapi, kisima gani kina maji, ngamia wa nani umewaona. Msafiri asiyeweza kutoa njia yake ni mwongo au mwizi. Hata mimi, kila nikitoka nyumbani, Mama Halima hanipi chai mpaka nimalize habari ya barabara nzima.

"Hiyo si habari," akamwambia Yusuf kwa Kiswahili chake cha Kisomali, p ikawa b. "Umemtoa hewani umemweka Elwak. Amebitia wabi? Maji ya nani amekunywa?"

"Hanywi maji, hooyo. Ni mashine."

"Basi ameona nani akinywa?"

Yusuf humwita hooyo, yaani mama. Akafikiri. Halafu akatoa njia yote, kisima baada ya kisima, mpaka mzoga wa ngamia na mtu aliyekuwa anaudai. Mama Halima akatikisa kichwa, akammiminia kikombe kingine.

Jumamosi, 8 Novemba

Hadithi imetoka kibandani. Yusuf hurekodi sauti yake kwenye simu ya Mama Halima, Kisomali kwanza, halafu Kiswahili kwa ajili yangu na Mutua, na Mama Halima anairusha kwa ndugu zake. Binamu yake wa Elwak. Shangazi yake wa Ijara. Nao wanairusha.

Wanajibu. Sijawahi kuona watu wakali hivi. Binamu wa Elwak alisema kisima cha sehemu ya kwanza kilikauka zamani, Hamali arudi apite kwingine. Yusuf akamrudisha. Shangazi wa Ijara anasema ndani ya gunia yumo Nura. Binamu anasema ni sukari ya magendo. Mutua anasema ni simiti, gunia linaonekana tu. Mfanyabiashara mmoja, hatumjui, alituma sauti yake kwamba Hamali akipita Wajir asiende mbali, ana lori la unga la kushusha.

Tulicheka sana leo. Mbavu zinauma kuliko mgongo.

Jioni mke wangu Nekesa alipiga kutoka nyumbani. Upepo umelaza mahindi. Paa la jikoni linavuja. Mtoto wa mwisho ana kikohozi. Mimi nikamsimulia Hamali. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Baba Simiyu, hata huyo mashine anatembea. Wewe huji."

Nalala na hayo maneno. Nimechoka, siandiki vizuri.

Jumatatu, 10 Novemba

Dada yake Yusuf amepiga kabla ya chai. Mama hawezi kulala chali tena. Akilala anazama, pumzi haiji. Wanamkalisha ukutani na mito. Daktari ameuliza kwa hasira kwa nini bado yuko kambini. Dada ameenda tena ofisini. Wiki ijayo.

Yusuf hawezi kwenda mwenyewe kusukuma ruhusa itoke. Akienda wataona yeye alikuwa wapi.

Alibeba leo kama anapigana na mtu. Nilimwambia apunguze, hakusikia. Mutua naye alitaka kufanya mzaha, akamwangalia usoni, akaacha.

Jioni watu walijaa kibandani wanataka sehemu mpya. Watu wengine siwajui kabisa. Nilidhani atakataa. Hakukataa. Hamali amefika Dadaab, amesimama nje ya kambi, watu wa foleni ya maji wanamuuliza anatafuta nini.

Jumanne, 11 Novemba

Sehemu ya leo ndiyo bora kuliko zote.

Kambini Hamali amekutana na mwanamke mgonjwa. Sasa mgongoni hana gunia tu, ana mgonjwa. Lazima amfikishe Garissa. Barabarani kuna kizuizi, askari wanakagua kila gari, na Hamali hana karatasi, wala mama hana. Watu walisonga vigoda mbele.

Yusuf akatoa njia. Lori la mbuzi, linalokuja soko la mifugo siku ya Jumatano. Nyuma ya kichwa cha lori kumewekwa godoro, juu turubai, mbuzi pande zote. Kabla ya kizuizi lori linaacha lami, pale penye tangi kuukuu, linateremka lagani, mto wa msimu, kama linakwenda kunywesha mbuzi. Malori ya mbuzi hufanya hivyo, askari wamezoea, hawafuati. Linafuata mchanga wa laga, linatokea nyuma ya soko.

Mama Halima alipiga makofi. "Hiyo sasa ni habari."

Mimi sikupiga. Nilikuwa namwangalia Yusuf. Hakuwa na uso wa mtu anayetunga.

Alhamisi, 13 Novemba

Ni kweli. Ameniambia leo tukiwa juu ya jukwaa, wawili tu. Mama yake analetwa Jumatano ijayo. Dereva amekubali. Lori, godoro, turubai, kila kitu ni kile kile.

Nilimuuliza kama ana wazimu. Kwa nini useme?

Akaniambia yeye hajawahi kuipita ile laga. Dereva naye ni mgeni wa upande huu. Angemuuliza nani? Mtu akianza kuuliza njia za kukwepa kizuizi, kesho yake yuko ndani. Lakini Hamali akipotea njia, watu wote wenye kuijua wanasimama kumsahihisha. Alinichezea majibu yao kwenye simu. Shangazi wa Ijara: si pale penye tangi, mchanga wa pale ni laini, lori litazama, teremka mbele kidogo penye mti wa mathenge uliolala. Mwingine: mvua ya juzi imeleta tope kwenye kona ya pili, shika kulia. Mwingine: saa ya asubuhi, kabla ya wachunga ngamia kujaza njia.

"Wamenichorea ramani, walaal," alisema. "Na hawajui."

Alikuwa anacheka. Sijamwona akicheka hivyo tangu mama augue. Nikacheka naye. Nini kingine?

Mama Halima ameambiwa. Amesema mama hawezi kulala na wanaume, atalala kwake, karibu na hospitali pia. Ameshatoa kitanda chake mwenyewe.

Jumapili, 16 Novemba

Siipendi hali hii.

Leo nilienda kununua viatu vya mtumba. Mwenye duka alikuwa anasikiliza Hamali. Bodaboda aliyenirudisha, Hamali. Sauti ya Yusuf inatoka kwenye mifuko ya watu nisiowajua. Mlangoni pa duka la vifaa askari mmoja, bunduki magotini, alikuwa anasimuliwa na mwenzake. Alicheka akasema, "Jamaa anatufahamu vizuri."

Nilikuja mbio kumwambia Yusuf. Abadilishe siku. Abadilishe lori.

Hawezi. Dereva mwingine hamjui. Mama hawezi kukaa wiki nyingine, dada anasema midomo imeanza kuwa ya buluu. Magari ya kawaida yote yanapita kizuizini.

Basi abadilishe hadithi, nikasema. Akafanya hivyo hapo hapo. Akachukua simu ya Mama Halima akasema sehemu mpya: dereva wa lori amekataa, Hamali amegeuka, anampeleka mama kwa njia ya mtoni, kwa mtumbwi wa kuvusha watu, mbali kabisa na laga.

Watu wamekataa.

Wamekataa kweli kweli. Mpaka jioni simu ilikuwa inalia. Binamu wa Elwak alisema tumemdharau, yeye alishamwona Hamali ndani ya lori kwa macho yake, sasa anatolewa vipi? Shangazi alisema alimwonyesha mti, mti una kazi gani sasa? Mtu mwingine alisema kwa matusi kwamba mgonjwa wa moyo hapandishwi mtumbwi. Wanaendelea kuirusha ile ya zamani. Ile ya mtoni wanaiita ya uongo. Mama Halima amewapigia mmoja mmoja, hawezi kuwaambia sababu, na bila sababu hawamsikii.

Ilikuwa yetu wiki moja tu. Sasa ni yao.

Jumanne, 18 Novemba

Vyuma vimefungwa. Mashine ya kuchanganya imekuja. Slabu ni kesho. Kati ya siku zote, kesho.

Mutua ametuita. Hakuna kuumwa, hakuna msiba, hakuna mke kujifungua. Slabu haiachwi katikati. Ukiiacha ikashika inaweka mshono, na mshono unavuja, halafu unapasuka. Ameleta vibarua wengine kumi hivi.

Yusuf hata hivyo asingeweza kwenda kizuizini. Wangemchukua na yeye. Nilitaka kwenda mimi, nina kitambulisho. Mutua akasema nikiondoka nisirudi. Nekesa ananisubiri nitume kitu. Nimebaki.

Yusuf amefua shuka mbili, amezianika kwa Mama Halima.

Jumatano, 19 Novemba

Tulianza alfajiri. Mashine ya kuchanganya, karai, ngazi, mkono kwa mkono. Yusuf alikuwa mbele yangu. Simu yake aliifunga kifuani kwa kitambaa ili aisikie.

Lori lilitoka salama. Dada alipiga. Mama ameegemezwa mito, mbuzi wametulia. Yusuf alinipa karai na tabasamu.

Halafu kimya. Karai. Karai. Jua likapanda. Mutua alikuwa anapiga kelele, songa, songa, inashika!

Saa ya chai, ambayo leo hatukuinywa, alipiga utingo wa lori. Yusuf aliweka simu sikioni kwa bega, mikono yake ilikuwa na karai. Alisikiliza. Akapokea karai kutoka chini, akanipa. Akapokea nyingine, akanipa.

Niliuliza kwa macho. Akasema, "Walikuwa wamekaa chini ya mti."

Mti wa mathenge uliolala. Askari, na jerikeni yao ya maji, kama watu waliokuja kupumzika. Walisimamisha lori kule kule lagani. Walishusha mbuzi wote. Utingo anasema mmoja wao aligonga bodi ya lori akaita, "Hamali! Toka, tukwambie uweke wapi!" Wakacheka. Halafu wakainua turubai, wakaona ni mama wa kweli, wakaacha kucheka.

Hawakumpiga. Walimpa maji. Mmoja alimshikia mwavuli. Lakini sheria ni sheria, wakasema. Gari lao likamrudisha Dadaab, lile lile joto, ile ile barabara. Dereva wamemshikilia.

Mutua alisikia akaja. Nilidhani atamwambia Yusuf ashuke. Alisimama hapo, mdomo wazi, yeye anayeongea siku nzima. Slabu ilikuwa imefika nusu. Akamwambia, "Ndugu yangu. Nenda." Yusuf akasema, "Wapi?" Akaendelea kubeba.

Nilibeba zangu na nikajaribu kubeba na zake. Hakuniachia.

Tulimaliza alasiri. Nilipanda boda mpaka kule, sijui kwa nini. Lagani palikuwa na kinyesi cha mbuzi na alama za magurudumu. Basi. Kizuizini askari aliniomba kitambulisho, akakitazama kidogo tu, akanirudishia. "Pita, mzee." Sikuwa napita kwenda popote.

Ijumaa, 21 Novemba

Mutua anasema ile laga hukaguliwa mara kwa mara, hadithi au si hadithi. Labda. Anasema kila mtu aanze kunyamaza. Sijui anamfariji nani.

Watu hawajui. Wanatuma bado. Hamali amekamatwa? Sehemu inayofuata iko wapi? Binamu wa Elwak amechoka kungoja, ametunga yake: Hamali amekamatwa na sasa anawabebea askari maji, na kila akiuliza aweke wapi wanamzungusha. Ni ya kuchekesha. Ingekuwa wiki iliyopita ningecheka mpaka nianguke.

Mama Halima amefuta kila kitu kwenye simu yake. Haifuti kitu kwenye simu za wengine. Leo alimkalisha Yusuf, akamshika kichwa kama mtoto. "Mwanangu, mimi ndiye nilitaka njia," alisema. "Ungenidanganya tu. Ningekunywa uongo wako na sukari."

Yusuf alisema si yeye.

Kitanda cha Mama Halima bado kimetandikwa. Yeye analala chini.

Nina hasira na sina wa kumkasirikia. Askari walimpa maji. Shangazi alitaka kusaidia. Binamu aliupenda mchezo. Hata yule wa ofisini, wanasema ana rundo la karatasi refu kuliko yeye. Nimewapitia wote kichwani, sijampata hata mmoja.

Jumamosi, 22 Novemba

Yusuf amerudi kambini.

Kwenda kule hakuna anayekuzuia. Nilimsindikiza stendi. Atakaa na mama. Kutoka tena, alisema, Mungu anajua. Mutua alimpa haki yake yote bila kukata, na mkono akaushika muda mrefu. Jumatatu analeta mtu mwingine.

Gari lilipokuwa linajaza, abiria mmoja alimtazama Yusuf akasikiliza anavyoongea na konda. Akamuuliza kama ni yeye yule wa Hamali. Yusuf akasema hapana, watu wanafanana sauti.

Tulishikana mikono. Nilisema, "Haya." Yeye akasema, "Haya, walaal."

Chumba kimekuwa kikubwa. Sijazoea.

Jumanne, 25 Novemba

Nimepewa kazi ya kumwagilia slabu. Asubuhi na jioni, wiki nzima, isikauke haraka ikapasuka. Kazi nyepesi. Niko juu peke yangu na mpira wa maji. Huku juu kuna upepo kidogo.

Kibandani wameanza mchezo mwingine, wa harusi. Mama Halima anauacha uongee wenyewe.

Nilimpigia Yusuf leo. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Anamwosha mama miguu. Anamgeuza. Usiku wanapokezana na dada kumshikilia aketi. Ruhusa haijatoka. Nilimuuliza daktari anasemaje. Akasema daktari anakuja kila siku, ni mtu mwema, anampa dawa ya kukojoa na dawa ya kupunguza maumivu. Habari ya Garissa hasemi tena.

Maji yalikuwa yanatoka kwenye mpira, nikayaacha yatoke.

Halafu akasema mama anataka kunisalimia. Alimwekea simu mdomoni. Mimi Kisomali sijui, yeye Kiswahili hajui. Nilisikia pumzi kwanza, fupi fupi, kama mtu anayepanda ngazi. Akaanza kusema. Nadhani aliniombea dua. Lilikuwepo jina langu ndani yake, mara mbili, na jina la Mungu, mengine sikuyapata. Aliomba polepole. Alisimama kutafuta pumzi, akaendelea, akasimama tena.

Kila aliposimama niliitikia amin. Nilisimama pale juu, miguu ndani ya maji, nikaitikia mpaka alipomaliza.

Kisha Yusuf akachukua simu, akasema amechoka, amelala. Nikasema vizuri. Nikamalizia upande wa kaskazini, nikafunga bomba.